Spidi 50, na bado naganda

"Kaka, umeganda tena. Mdomo wazi."

Hapo nilisikia nusu tu, nusu ya pili ilifika kama roboti anayeongelea ndani ya kisima. Ilikuwa saa tatu na robo usiku, nimekaa kitandani na simu, laptopu yangu iko mezani inachaji zake kimya, kijana wangu kajifungia chumbani kwake, mke wangu yuko sebuleni anaangalia kitu ambacho nacho kilikuwa kinazungusha kiduara. Kidogo simu ya video ikakatika yenyewe. Dada hakukawia, akatupia picha kwenye kundi la familia: mimi, jicho moja limefumba, mdomo kama nataka kumeza kamera.

Nikafanya kile ambacho kila mtu anafanya. Nikafungua spidi tesiti.

46.

Kifurushi chetu cha kushusha ni megabiti 50 kwa sekunde. Yaani intaneti ipo, tena karibu yote, na bado siwezi kumaliza salamu na dada yangu. Nikapiga skrinishoti kwa hasira, nikasema hii ni ushahidi, siku nikiwapigia jamaa wa huduma kwa wateja watanitambua.

Ulikuwa ushahidi kweli. Ila si dhidi yao.

Ruta nyuma ya tivi

Mshukiwa wa kwanza alikuwa ruta, na kusema ukweli alikuwa na kesi ya kujibu. Ilikuwa imekaa chini, nyuma ya tivi, imebanwa na rafu ya chuma, antena moja imelala kama imekata tamaa. Nikapakua apu ya kupima nguvu ya mawimbi, kule chumbani ikasoma -72. Hizo namba ni za hasi, na ikikaribia sifuri ndio vizuri, na kila ikishuka kwa 3 nguvu inakatika nusu. Nikaipandisha ruta juu ya kabati kwenye korido, nikasimamisha antena, nikarudi chumbani kupima: -58. Tofauti ya 14, ambayo ukipiga hesabu ni kama mara 25 ya nguvu niliyokuwa napata mwanzo. Kwa kuhamisha tu kidude mita chache!

Nikanogewa. Nikaangalia chaneli, yaani njia ya hewani ambayo kila waifai inapitia, nikakuta mitandao 17 ya watu inaonekana kutoka kitandani kwangu, wengi wamerundikana chaneli ya 6, na mmoja kajiweka 8, ambaye ndiye mbaya kuliko wote, maana kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli moja inapishana na nyingine kwa megahezi 5 tu wakati kila mtandao unakula megahezi 20 hivi, kwa hiyo wa 8 anawasumbua wa 6 na wa 11 kwa pamoja na hakuna anayemwelewa. Zisizogusana ni 1, 6 na 11. Nikahamia 1. Simu zetu nikazipeleka kwenye masafa ya gigahezi 5, ambayo yana nafasi zaidi ila ukuta unayashinda haraka.

Nikapima. 49.

Nikajiona fundi. Kesho yake saa tatu usiku nikaganda.

Mtoto na gemu

Hapa ndipo naona aibu kidogo kuandika.

Nilimwendea kijana. Nilishasema moyoni kwamba ni gemu lake, maana linaanza jioni na shida inaanza jioni, sasa unataka ushahidi gani tena? Nikampiga marufuku, kuanzia saa tatu hakuna gemu la mtandaoni mpaka nitakapojua kinachoendelea.

Siku ya tatu akaja. "Baba, jana sikucheza kabisa. Na juzi. Na bado umeganda."

Nikamwambia asibishane.

Nimeirudia hiyo sentensi yake kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia kitu chochote kwenye sakata hili. Alikuwa amefanya jaribio, kwa gharama yake mwenyewe, amekuja na matokeo, na mimi nikamjibu kama mzazi. Na siku hizi najua gemu lenyewe likishapakuliwa linatumia mtandao kidogo mno, halifiki hata megabiti moja, kazi yake ni kutuma vijitaarifu vidogo vidogo (kaenda kushoto, kaenda kulia, kapiga), ila vinatakiwa vifike sasa hivi. Mtoto hakuwa anasababisha tatizo. Yeye ndiye aliyekuwa analisikia kuliko sisi wote.

Mwizi kakamatwa

Baada ya mtoto nikahamia kwa majirani. Niliingia kwenye ukurasa wa ruta, nikahesabu vifaa vilivyounganishwa: 11. Mimi najua 9. Wawili ni nani?

Mmoja nilikuja kujua ni tivi. Wa pili hakuwa na jina, ana herufi na namba za ajabu tu, na usiku ule nilikuwa na uhakika asilimia mia kwamba ni mtu ananinyonya kupitia ukutani. (Ilikuwa simu ya mke wangu. Simu za sasa zinabuni anwani yao kwa kila mtandao ili wasifuatiliwe, kwa hiyo ukiangalia kwenye ruta huitambui hata kama inalala pembeni yako.)

Nikabadilisha paswedi. Nikaweka ndefu, ya kuudhi. Zoezi la kuiingiza upya kwenye kila kifaa lilinichosha, nikaunga simu na tivi, vingine nikasema kesho.

Na jamani, ule usiku mtandao uliruka! Dada akapiga, tukaongea dakika arobaini, sauti kama yuko chumba cha pili. Mke wangu akamaliza kipindi chake bila kiduara hata kimoja. Nikapita sebuleni kifua mbele nikatangaza: mwizi kakamatwa.

Usiku uliofuata, saa tatu, naganda.

Hapo ndipo ilianza kunikaa kichwani kwa namna nyingine. Mwanzo ilikuwa kero, sasa ikawa kama mtu ananitania. Maana kama si ruta, si chaneli, si mtoto, si jirani, kwa nini usiku mmoja, mmoja tu, kila kitu kilikuwa sawa? Nilikuwa na jibu mkononi na nikawa nalitumia kama sifa.

Binti wa huduma kwa wateja

Nikawapigia. Nilikuwa na skrinishoti 11 za ushahidi na hotuba niliyoiandaa.

Binti aliyepokea alikuwa anasoma maswali kwenye karatasi, unasikia kabisa. Akaniuliza taa zikoje, akaniuliza nimejaribu kuzima na kuwasha. Halafu akaniuliza, "Na namba ya kupandisha inasomaje, kaka?"

Nikamkata. Nikamwambia binti, mimi sipandishi kitu, shida yangu ni kwamba naganda, naomba unipe mtu wa ufundi.

Akaniambia basi nizime niwashe. Nikazima, nikawasha, ikakaa sawa dakika kama kumi, nikamshukuru kwa shingo upande nikakata simu, na dakika ya kumi na moja nikawa nimerudi kule kule.

Alikuwa ameuliza swali sahihi. Mtu pekee katika habari yote hii aliyeuliza swali sahihi, na nilimkata kwa sababu alikuwa anasoma kwenye karatasi.

Pingi mbili

Kilichonitoa ni uchovu zaidi ya akili. Usiku mmoja nikasema hebu niache kuuliza "spidi ngapi", niulize "inakwama wapi".

Pingi wengi wetu tunaijua: unatuma kijumbe kidogo, kinarudi, unaambiwa kimechukua milisekunde ngapi. Nilichokuwa sijawahi kufanya ni kupiga mbili kwa wakati mmoja, madirisha mawili pembeni kwa pembeni. Ya kwanza inaenda kwenye ruta yangu tu, 192.168.1.1, haitoki nje ya nyumba. Ya pili inaenda nje, 8.8.8.8, anwani ya Google. Kama mawimbi ya waifai ndiyo mabovu, zote mbili zitateseka. Kama waifai ni nzima, ya ruta itakuwa nzuri na ya nje itakuwa mbaya.

Dirisha la kushoto: 3, 4, 3, 3, 6, 3.

Dirisha la kulia: 1,480. 1,530. 1,510. 1,620.

Nilikaa nikaangalia zile namba zikishuka kama dakika tano bila kugusa kitu. Sekunde moja na nusu kijumbe kwenda na kurudi. Na kuta, kabati, antena, chaneli ya 6, jirani wa 8, vyote hivyo viko upande wa kushoto, na upande wa kushoto hakuna tatizo. Wiki tatu nilikuwa nafukuza waifai na waifai ilikuwa haijambo.

Nikachomeka waya kutoka laptopu mpaka ruta kuhakikisha. Kushoto ikawa 1. Kulia, vile vile.

Namba ya chini

Nikafungua galari ya simu nizione zile skrinishoti za ushahidi, nilitaka kulinganisha saa. Na kwa mara ya kwanza nikazisoma zote.

Unajua ukurasa wa spidi tesiti ulivyo: katikati kuna namba kubwa, nene, yenye rangi, ndiyo ya kushusha. Pembeni na chini kuna vinamba vidogo. Macho yangu siku zote yalikuwa yanaenda kwenye ile kubwa, nikiona 46, 48, 47, napiga picha nafunga.

Kushusha 46. Kupandisha 0.6. Pingi 1,388.

Inayofuata: 48, 0.4, 1,502.

Zote hivyo. Kifurushi chetu kinatoa 5 za kupandisha, yaani za kutuma vitu kutoka nyumbani kwenda nje, na mimi napata 0.6, maana yake kuna mtu ndani ya nyumba anakula zote zilizobaki. Zote hivyo isipokuwa moja, ya usiku wa paswedi mpya: 49, 4.8, 21. Nini hakikuwepo kwenye mtandao usiku ule?

Nikageuka nikaiangalia laptopu.

Mwezi uliokuwa unaishia nilichukua video zetu za zamani za familia kutoka kwenye diski moja iliyoanza kulia kwa ndani, nikazihamishia kwenye laptopu, nikaiweka programu ya bekapu izipandishe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Gigabaiti 200. Nikachagua ifanye kazi laptopu ikiwa kwenye chaji tu, nikajisifu kwa busara hiyo, nikasahau kabisa. Na mimi laptopu naichomeka chaji lini? Nikitulia usiku, saa tatu.

Piga hesabu uone. Gigabaiti 200 ni gigabiti 1,600, kwa sababu baiti moja ni biti nane. Kwa megabiti 5 kwa sekunde ni sekunde 320,000, yaani masaa 89 hivi. Kwa masaa matatu kila usiku ni usiku thelathini. Nilikuwa nimejipangia mwezi mzima wa kuganda, kwa mkono wangu, na kidirisha cha programu kilikuwa kinasema kwa utulivu kabisa: asilimia 78.

Nikabonyeza kusitisha huku naangalia dirisha la kulia.

1,540. 1,490. 1,510. 620. 31. 24. 23.

Nikabonyeza iendelee. Ikapanda tena taratibu, 200, 700, 1,300. Nikasitisha. Ikashuka. Nilifanya hivyo mara tatu, ya tatu haikuwa ya uchunguzi, ilikuwa raha tu.

Dirisha moja, viti vingi

Sasa kilichonisumbua baada ya hapo ni kwa nini. Sawa, bekapu inakula njia ya kupanda. Lakini mimi nilikuwa nafungua kurasa, nashusha, na njia ya kushuka ilikuwa tupu!

Kwanza, hakuna kushusha bila kupandisha. Kila mzigo unaokufikia kifaa chako kinarudisha risiti, kwamba nimepokea, lete mwingine. Kabla hata ukurasa haujaonyesha herufi ya kwanza kuna safari kama tatu au nne za kwenda na kurudi: kuuliza anwani, kupiga hodi, kukubaliana siri ya usalama, ndipo kuomba ukurasa. Kila safari sekunde moja na nusu, tayari umekodolea weupe kwa sekunde sita. Ukishaanza kushuka unashuka kwa kasi, ndio maana spidi tesiti, ambayo inavuta mafaili makubwa kwa mikondo kadhaa, inatoka na 46 safi.

Pili, na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi: kijumbe changu kilikuwa kinasubiri wapi?

Kwenye ruta na modemu, kile kidude kinachounganisha nyumba na laini ya nje, kuna sehemu ya kusubiria, bafa. Ifikirie kama dirisha moja la kuhudumia watu, na mbele yake mabenchi. Mabenchi machache ni mazuri, watu wakija kwa mkupuo wanakaa, wanahudumiwa. Lakini kumbukumbu za kompyuta zilipokuwa za bei rahisi watengenezaji wakaongeza mabenchi, wakaongeza, mpaka ikawa ukumbi. Bekapu yangu inajaza ukumbi mzima. Halafu anakuja yule mtu wa simu ya video, ana karatasi moja tu ya kugongwa muhuri, anaambiwa akae nyuma kabisa. Tuseme bafa inabeba megabaiti moja na dirisha linatoa megabiti 5 kwa sekunde: wa mwisho anasubiri sekunde 1.6. Ni kama ile namba yangu ya kulia kabisa.

Kinachoshangaza ni kwamba intaneti ina adabu zake za kuzuia hili. Mwaka 1986 ilipata msongamano wa kihistoria, njia kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, majirani kabisa, ikaporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Biti arobaini! Van Jacobson, mtafiti wa mitandao, akaja na dawa, akaichapisha 1988: mtumaji aongeze kasi taratibu, na akiona mzigo umepotea njiani ajue pamejaa, apunguze. Kupotea kwa mzigo ndio ujumbe wenyewe. Sasa ukiweka ukumbi mkubwa kiasi hicho, mzigo haupotei, unakaa tu kwenye benchi, mtumaji anaona mambo safi anaongeza. Nia nzuri ya kutotupa kitu ndiyo inayovuruga kila kitu.

Jim Gettys, mhandisi aliyezamia hili suala, naye alilikuta nyumbani kwake akiwa anapandisha mafaili makubwa, mwaka 2010. Alivyoliita kwa lugha yake ni kama kusema bafa imevimba. Sisi hapa tunasema video "inabafa" na tunailaani bafa bure tu, ile ya kwenye video kazi yake ni nzuri, inakuwekea akiba. Iliyovimba imejificha kwenye kidude juu ya kabati na haina kiduara cha kukuonyesha.

Nimeifanyaje

Haraka haraka. Bekapu nimeiwekea ukomo wa megabiti 3 na nimeihamishia saa za kulala, zile gigabaiti 44 zilizobaki ziliisha ndani ya siku tano.

Halafu nikaingia kwenye ruta, nikasasisha programu yake, nikakuta ina mpangilio wa kupanga foleni, SQM, ambao nilikuwa naupita kila siku nikienda kwenye chaneli. Unaupa namba za chini kidogo ya uwezo wako halisi, mimi niliweka 45 kushuka na 4.5 kupanda, ili foleni ijengeke kwenye ruta yenye akili na si kwenye modemu isiyo nayo. Ndani yake kuna mbinu ya 2012 ya Kathleen Nichols na huyo huyo Van Jacobson, inayoangalia mtu kasubiri muda gani badala ya wangapi wamekaa, na kwa kawaida inaunganishwa na kugawa foleni ili mwenye karatasi moja asikae nyuma ya mwenye lori. Ruta nyingine menyu inasema QoS tu na ubora unatofautiana sana, na ruta yenye prosesa ndogo kwenye laini ya kasi kubwa inaweza kulemewa, kwa hiyo pima kabla na baada.

Nikapima kwa makusudi, bekapu ikiwa imeachiwa bila ukomo: pingi 29, 33, 28.

Spidi tesiti? 43. Imeshuka. Namba kubwa imekuwa ndogo na mtandao wa nyumba haujawahi kuwa mzuri hivi, mke wangu aliponiuliza nimefanya nini nilijaribu kumweleza nikaona anatazama tivi, nikaacha.

Na ruta sikuirudisha nyuma ya tivi, sipo tayari kukiri kwamba ile wiki ya kwanza yote ilikuwa bure.

Deni

Ilibaki kumwambia kijana.

Nilienda chumbani kwake na laptopu, nikamwonyesha madirisha mawili, skrinishoti, asilimia 78, kila kitu. Nikamwambia haikuwa wewe. Nikamwambia na ile siku uliyokuja kuniambia, ulikuwa sahihi, ningekusikiliza tungemaliza siku hiyo hiyo.

Akaangalia zile namba kwa muda. Nilidhani atasema chochote kuhusu foleni.

"Siku kumi na nne," akasema. "Masaa mawili kila siku. Ni ishirini na nane, baba."

Tumekubaliana alipwe kidogo kidogo, wikiendi. Jana alicheza mpaka saa tano usiku, bekapu inapanda, dada yangu yuko kwenye simu ananisimulia mambo ya kazini kwake, na mimi nina jicho moja kwa dada na jingine kwenye dirisha la kulia: 31, 29, 34, 30.